Je, mvuke wa tina unapasua chembe nyekundu za damu?

Swali: *Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabora mjini. Mume wangu anapuliza vanishi kwenye karakana ya samani, huu ni mwaka wa saba. Siku hizi anachoka sana na kila jioni kichwa kinamuuma. Alipopimwa damu ikaonekana ni 9.4. Malaria hakuna. Muuzaji wa duka la dawa akamwambia mvuke wa tina, ile ya kuzimulia vanishi, unayeyusha ngozi ya chembe nyekundu za damu mpaka zinapasuka, kwamba anywe maziwa nusu lita kila siku ili kutoa sumu, na kazi aache. Macho yake si ya njano, mkojo ni wa kawaida. Wakati wa mvua huwa tunalima mpunga. Mtoto wetu wa pili ana selimundu, na baba yake akirudi, nguo zinanuka tina nyumba nzima. Ni kweli tina inapasua damu? Na mtoto yuko salama?*

Marahaba mama, na pole kwa kuuguliwa.

Huyo muuzaji hakutunga. Alichokisema hutokea kweli, ila hutokea kwenye mrija wa maabara. Kwa mtu anayesimama, anayetembea na kupuliza meza za mninga siku nzima, sidhani kama ndicho kinachommaliza damu. Nitaeleza kwa nini, na si kwa ajili ya kubishana naye. Ukielewa sababu utajua pia ni kitu gani hasa cha kuogopa ndani ya tina, na ni vipimo gani mkaombe hospitali. Maneno mawili uliyoyaandika kama ya kupita tu, macho na mpunga, yamenisaidia kuliko hiyo 9.4 yenyewe (yaani gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu).

Chembe nyekundu ni kifuko chenye upana wa mikroni 7 hadi 8 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kimebonyea katikati pande zote mbili, hakina kiini, na kimejaa himoglobini inayobeba oksijeni. Kinaishi takriban siku 120. Muda wote huo kinapita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko chenyewe, na kikifika kwenye bandama kinajipenyeza katika nyufa za mikroni 1 au 2 tu. Kinachokiwezesha kujikunja na kujikunjua hivyo ni utando wake. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, ndani yake zimechomekwa protini za kila aina, na chini yake umetandazwa wavu wa protini iitwayo spektrini, unaonyumbuka kama nyavu za dagaa zinavyonyumbuka zikivutwa bila kupoteza umbo.

Hapo ndipo hofu inapoanzia, na ina mantiki. Kazi ya tina ni kuyeyusha mafuta na utomvu. Utando wa chembe ni mafuta. Kwa nini basi isiuyeyushe?

Inauyeyusha, ukiimwaga. Mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walitumia asetoni, ambayo imo katika tina nyingi tunazonunua, kutoa mafuta yote kwenye tando za chembe nyekundu. Wakayatandaza juu ya maji na kupima eneo lililofunikwa. Likawa takriban mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Ndivyo ilivyojulikana kwamba utando una tabaka mbili. Kwa hiyo kiyeyushi kuvunja utando si uvumi wa mtaani, ni mbinu iliyotufundisha utando ulivyo. Lakini wale walitumia asetoni tupu, kwa wingi wa kuogesha chembe. Mumeo anavuta mvuke, na tofauti ya viwango hapo ni kubwa mno.

Chukua toluini, kiyeyushi kinachopatikana sana kwenye tina na gundi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya za wafanyakazi, imependekeza kwamba wastani wa siku ya kazi usizidi sehemu 100 za toluini katika sehemu milioni za hewa. Hewa ya namna hiyo ina miligramu 377 hivi kwa mita ya ujazo, yaani chini kidogo ya 0.4 kwa lita. Damu huvutia toluini takriban mara 15 kuliko hewa. Basi hata fundi akikaa humo mpaka damu yake ishibe kabisa, lita moja itakuwa na miligramu 6 hivi. Linganisha na maji ya kawaida, ambayo lita moja huweza kuyeyusha toluini karibu miligramu 500. Najua karakana iliyofungwa milango kwa kuogopa vumbi lisishike kwenye vanishi mbichi huweza kupita mara kadhaa hizo sehemu 100, lakini hata hivyo bado tuko mbali na Gorter na asetoni yake.

Kuna jambo jingine, na hili huwashangaza hata wenzangu hospitalini. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kanada, Philip Seeman, alikuwa akichunguza jinsi dawa za usingizi wa upasuaji zinavyogusa utando wa chembe nyekundu. Kwa kawaida ukiweka chembe kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, zinavimba na kupasuka. Alipoongeza dawa ya usingizi kidogo, chembe zikapasuka chache zaidi, si nyingi. Dawa hiyo, ambayo nayo ni kiyeyushi cha aina yake, ilikuwa imejipenyeza kati ya mafuta na kuupanua utando kidogo, kwa hiyo ukapata nafasi ya kuvimba zaidi kabla ya kuachia. Akipandisha kipimo juu sana, hapo ndipo utando ulipovunjika. Kiyeyushi hichohicho, basi, kikiwa kidogo kinaukinga utando na kikiwa kingi kinaupasua. Kati ya viwango hivyo viwili kuna umbali mkubwa, na usingizi wa upasuaji uko upande wa kile kidogo.

Hili la usingizi lina maana kubwa kwenye swali lako. Etha, iliyotumika hadharani kwenye upasuaji huko Boston mwaka 1846, na halotheni, ambayo imelaza wagonjwa wengi kwenye vyumba vya upasuaji vya Afrika, zote ni mivuke inayopenda mafuta. Hans Meyer mwaka 1899, na Charles Overton karibu wakati huohuo, walionyesha kwamba kadiri mvuke au kimiminika kinavyopenda mafuta ndivyo kinavyolaza kwa urahisi zaidi. Toluini na zailini, kiyeyushi kingine cha tina, ni ndugu zao kwa tabia hiyo. Mgonjwa aliyelala mezani amebeba kiyeyushi kwenye tando za mwili mzima kuliko fundi yeyote aliye macho, na haamki akiwa na damu iliyopasuka. Maana yake ni kwamba kabla mvuke wa tina haujafikia kiwango cha kupasua chembe nyekundu za mumeo, yeye mwenyewe angekuwa ameshaanguka sakafuni. Kichwa kinachouma kila jioni ni ubongo unalalamika, na ubongo ndio unaopigwa kwanza. Hilo la kichwa nitalirudia, kwa sababu huenda limechangia kwenye hiyo 9.4 kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria.

Sisemi utando hauguswi kabisa. Kwenye utando wa chembe nyekundu kuna vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini) vinavyofanya kazi vikiwa vimezungukwa na mafuta, na kiyeyushi kikiingia kwenye mafuta hayo vimeng'enya vinalegea. Watafiti wa Finland walilionyesha hili kwa toluini katika miaka ya 1980, na wanaotafuta dalili za mapema za madhara ya viyeyushi wamekuwa wakivipima vimeng'enya hivyo kama kipimo cha hali ya utando. Lakini kimeng'enya kulegea si chembe kupasuka, na hakumfikishi mtu kwenye 9.4.

Kipo kiyeyushi kimoja ambacho mvuke wake kweli unapasua chembe nyekundu: butoksietanoli. Kimo kwenye baadhi ya rangi na vanishi za maji, na kwenye sabuni za kusafishia vioo na sakafu. Panya wakivuta mvuke wake, ini linaugeuza kuwa asidi, asidi hiyo inazifanya chembe zivimbe na kupasuka, na mkojo wa panya unakuwa mwekundu. Jambo hili liliripotiwa tangu miaka ya 1950. Lakini chembe za binadamu zilipowekwa kwenye asidi ileile zilistahimili kiwango cha juu mara nyingi kuliko za panya, na katika miaka ya 1990 zilijaribiwa hata chembe za wazee na za wenye selimundu, nazo hazikupasuka. Nimeliandika hilo la selimundu kwa ajili ya mwanao. Naona pia ni onyo kwa sisi tunaosoma matokeo ya panya halafu tunayahamishia kwa watu moja kwa moja.

Sasa turudi kwa mumeo. Kama chembe zake zingekuwa zinapasuka kwa wingi, mwili ungeonyesha. Himoglobini iliyomwagika hugeuzwa kuwa nyongo ya njano, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi, bandama huweza kuvimba, na uboho (ute wa ndani ya mifupa) unaongeza kasi ya kutengeneza chembe mpya. Mtu mzima hutengeneza zaidi ya chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde, na uboho wenye afya ukibanwa unaweza kuzidisha hapo mara kadhaa. Wewe umeandika macho meupe na mkojo wa kawaida. Hilo peke yake halifungi mjadala, lakini linaelekeza pengine: ama damu inavuja, ama haitengenezwi ya kutosha.

Kutotengenezwa ndiyo hofu yangu halisi kuhusu tina, na mhusika wake ni benzini. Msichanganye na petroli, ingawa imo ndani ya petroli kiasi. Benzini haina haja ya kupasua utando. Ini linaivunja, vipande vyake vinasafiri hadi kwenye uboho, na huko vinageuzwa kuwa sumu zinazoua seli mama za damu au kuharibu vinasaba vyake. Matokeo yake ni uboho kukauka, ambapo chembe nyekundu, nyeupe na sahani (chembe zinazogandisha damu) zote zinapungua pamoja, au saratani ya damu baada ya miaka. Mwaka 1897 daktari Santesson wa Sweden alieleza habari za wasichana waliokuwa wakitengeneza matairi ya baiskeli kwa gundi iliyoyeyushwa na benzini, na waliokufa kwa uboho kuharibika. Ukitaka kuona tofauti ya ukali, angalia sheria ya Marekani: toluini inaruhusiwa wastani wa sehemu 200 katika milioni, benzini sehemu 1.

Kwa hiyo swali langu kwa mumeo si kama anatumia tina. Ni tina gani? Ile ya kopo lenye lebo ya kiwanda, au ile inayopimwa kwa lita kutoka kwenye pipa, isiyojulikana ilichanganywa na nini? Je, kuna siku tina ikiisha wanaongezea petroli? Ananawa mikono kwa petroli jioni ili vanishi itoke? Ananyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira anapoihamisha kwenye jenereta ya kompresa? Haya mambo mafundi huyafanya bila kuyahesabu kuwa ni kuvuta sumu. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, hapo mimi nitakaza uzi zaidi kuliko yule muuzaji wa dawa.

Kwa kupita tu, kuna njia nyingine mbili ambazo bidhaa za rangi hugusa damu. Dawa ya kubabua rangi ya zamani ikiwa na methilini kloraidi, ini huigeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Himoglobini inashikwa, kichwa kinauma, lakini kipimo cha damu kinabaki kilekile. Na akipiga msasa milango au vyuma vyenye rangi ya zamani ya njano au nyekundu, vumbi lake huweza kuwa na madini ya risasi. Risasi si kiyeyushi, lakini inazuia utengenezaji wa himoglobini na kufupisha maisha ya chembe, na mtu mwenye tumbo la kunyonganyonga pamoja na upungufu wa damu anastahili kuulizwa kuhusu rangi hizo.

Nimefika kwenye mpunga. Mwanaume mwenye damu chini ya 13 anahesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na upungufu, na kati ya 8 na 10.9 ni upungufu wa kati. Huku kwetu, mwanaume wa umri wa kufanya kazi akiwa na 9.4, malaria haipo, macho meupe, na anaingia mbugani kulima mpunga, jambo la kwanza kichwani mwangu ni safura na kichocho, na la pili ni vidonda vya tumbo. Hesabu ya safura ni ndogo ila inatisha. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi hunyonya takriban mililita 0.03 kwa siku. Wakiwa 100 ni mililita 3. Kila mililita ya damu yenye afya ina chuma kama nusu miligramu, kwa hiyo wanaondoka na miligramu 1.5 kila siku, wakati utumbo wa mtu mzima kwa kawaida hufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka kwenye chakula. Ghala linakauka polepole, mtu haoni damu popote, anaona uchovu tu. Mabuu ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu iliyo peku, na shambani peku ndiyo desturi.

Na vidonda vya tumbo? Hapa ndipo kichwa kinaporudi. Mtu ambaye kichwa kinamuuma kila jioni kwa sababu ya mvuke hununua nini dukani? Daiklofenaki, aspirini, ibuprofeni, mbili leo, mbili kesho, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Dawa hizo huchubua ukuta wa tumbo na damu inavuja kidogokidogo kwa miezi. Hukuandika kama anazitumia, na mara nyingi mke hajui, vidonge vinakaa mfuko wa ovaroli. Muulize taratibu. Muulize pia kama choo chake huwa cheusi chenye kunata. Kama ndivyo, basi tina imempunguzia damu kweli, lakini kwa kupitia tumboni, na hakuna kipimo cha utando wa chembe kingeweza kukuonyesha hilo.

Maziwa. Mafundi wengi wa rangi wanayaamini, na najua hata baadhi ya waajiri huyanunua na kuona wajibu wao umekwisha. Mvuke unaingia kwa mapafu, unafika kwenye damu ndani ya muda mfupi sana, na unatoka kwa njia ya pumzi na kwa kugeuzwa na ini kisha kukojolewa. Maziwa yanakwenda tumboni. Hayakutani. Baya zaidi kwa mtu mwenye upungufu wa chuma, kalsiamu ya maziwa na tanini za chai zote hupunguza ufyonzwaji wa chuma zikinywewa pamoja na chakula. Akitaka maziwa anywe, ni chakula kizuri, ila yawe mbali na mlo wenye maharage, dagaa, nyama au mboga za majani, na mbali na vidonge vya chuma kama atapewa. Pamoja na mlo ni afadhali chungwa, limau au embe.

Kuhusu kuacha kazi, nisingemshauri mtu mwenye familia aache kabla ya picha kamili ya damu, yaani kipimo cha chembe zote za damu. Ningemshauri aibadilishe namna ya kuifanya, na aanze kesho. Mvuke wa toluini ni mzito zaidi ya mara tatu kuliko hewa, hivyo unatambaa chini. Dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango uwe wazi na hewa ipite chini kwa chini. Inapowezekana apulizie nje kwenye kivuli, upepo ukitokea mgongoni mwake. Tabora kiangazi chake ni kirefu na mvua haitawasumbua. Kitambaa au barakoa ya hospitali huzuia matone ya vanishi, mvuke unapita kana kwamba hakuna kitu. Inahitajika barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa maalumu vya mivuke ya viyeyushi. Vichujio vya mfumo wa Ulaya vina mstari wa kahawia, vya Marekani mweusi. Vinachoka, na akianza kunusa tina akiwa ameivaa, vibadilishwe. Pua isiwe mwamuzi akiwa hana barakoa, kwa maana inazoea harufu mapema na mtu anadhani hewa imesafika. Mikono inawiwe kwa mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni. Kama ameajiriwa, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa hivyo na kugharamia upimaji wa afya. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko, ingawa naelewa fundi wa karakana ndogo anavyoona ugumu wa kumshtaki mtu wanayekula naye.

Mwanao. Harufu inayobaki kwenye nguo ni kiasi kidogo sana cha kiyeyushi, na haitapasua chembe zake. Lakini chembe za selimundu tayari utando wake umechoka kwa kujikunja kila oksijeni inapopungua, zinaishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, na mtoto wa namna hiyo sitaki aongezewe mzigo wowote usio wa lazima. Baba avue ovaroli karakanani, au iachwe nje kwenye kamba, ifuliwe peke yake, na aoge kabla ya kumpakata. Madumu ya tina yasilale ndani. Hilo nalisema kwa ajili ya moto hata kuliko kwa ajili ya damu, maana mvuke unaotambaa chini hulifikia jiko lililo chumba cha pili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa mtoto ni kitu ambacho hukukiuliza: vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo. Vikiwa vya naftalini, mvuke wake ni hatari ya kweli kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida kwenye maeneo yenye malaria kama yetu, na inayowapata zaidi wavulana. Kimeng'enya hicho ndicho kinachoilinda himoglobini isiharibiwe na sumu za aina hii. Kikiwa pungufu, himoglobini inagandamana mabonge, mabonge yananata kwenye utando kwa ndani, na bandama inayang'oa pamoja na kipande cha utando mpaka chembe inakwisha. Huku ndiko kupasuka kwa damu kwa mvuke ambako nimekuona kwa macho yangu wodini, kwa vichanga waliofunikwa nguo zilizotunzwa na vidonge hivyo. Toa vyote nyumbani. Na mtoto akienda kliniki ya selimundu uliza kama amewahi kupimwa G6PD, kwa sababu jibu hilo linahusu pia dawa atakazopewa maishani.

Sasa vipimo vya baba. Mwende Hospitali ya Kitete, mwombe picha kamili ya damu badala ya kipimo cha wingi wa damu peke yake, na damu iangaliwe pia kwa hadubini. Choo kipimwe minyoo na damu isiyoonekana, mkojo upimwe kichocho, na daktari aelezwe kazi anayofanya na kila dawa anayomeza. Kwenye karatasi ya majibu tazameni mstari wa MCV, ambao ni ukubwa wa chembe. Ukiwa chini ya 80, na chembe nyeupe na sahani ziko sawa, basi mara nyingi ni chuma kimepungua, atatibiwa safura au tumbo na kupewa chuma kwa miezi kadhaa, na damu itapanda. Kama MCV ni ya kawaida au kubwa huku nyeupe na sahani nazo zimeshuka, hapo asirudi karakanani hata siku moja, aombe rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa ajili ya kupima uboho. Nyeupe zikiwa chini kidogo ya kiwango kilichochapwa kwenye karatasi, na mengine yote ni mazuri, msiogope, kwani viwango vingi vimetokana na watu wa Ulaya na sisi Waafrika wengi wetu tuko chini kidogo ya hapo kwa asili. Lakini akianza kutoka damu puani au kwenye fizi, kupata madoa ya damu chini ya ngozi, au homa zisizokwisha, msisubiri tarehe ya miadi, mwende siku hiyohiyo.